Kanuni ya Dakika Tano Haipandi Mlima

Kuna sentensi moja ambayo kila aliyewahi kuulizia habari za kufuga samaki ameshaisikia: lisha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika tano. Utaikuta nyuma ya mfuko wa chakula. Utaikuta kwenye video ambayo binamu yako wa Dar amekutumia saa nne usiku. Utaikuta kwenye karatasi za semina zilizotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Wakati mwingine dakika tano zinakuwa kumi, au mara mbili inakuwa mara tatu, lakini umbo ni lilelile: namba ya milo, na saa ya mkononi.

Leo naihakiki sentensi hiyo kama tungehakiki kitabu. Nani anasema, anamwambia nani, na amenyamazia nini?

Niseme mapema kwamba si sentensi ya uongo. Ingekuwa ya uongo kazi ingekuwa rahisi, tungeikanusha tukaenda zetu. Shida yake ni kwamba imekatwa kichwa. Inasema mara ngapi bila kusema samaki gani, kwenye maji gani, yenye joto gani, na kama ndani ya maji hayo kuna kitu kingine cha kula. Ukiitoa pale ilipo sahihi ukaipandisha Kibosho au Marangu, inaendelea kuongea kwa kujiamini kulekule huku haijui iko wapi.

Na hapa kuna pesa ya mtu. Kwenye ufugaji wa samaki, chakula peke yake kwa kawaida hula zaidi ya nusu ya gharama zote. Chukua bwawa la kawaida la nyumbani, samaki 200 waliofika gramu 100 kila mmoja. Hiyo ni kilo 20 za samaki. Ukiwapa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, kama majedwali mengi yanavyoshauri, ni gramu 600 kila siku, yaani kilo 18 kwa mwezi, na samaki bado wanakua kwa hiyo namba inapanda. Halafu protini ya chakula hicho mara nyingi inatoka kwenye dagaa, hawa hawa dagaa wanaopikwa jikoni kwa mwenye bwawa. Kila kopo linalotupwa majini bila kuliwa lilikuwa na pa kwenda kwingine.

Tuanze na mahali ambapo kanuni hii inakaa vizuri, maana ni haki kumsikiliza mtu akiwa nyumbani kwake. Nyumbani kwake ni tanki la kioo sebuleni, hasa la maji ya chumvi. Moshi si mji wa pwani, lakini mtu akiamua anaweza kuchanganya chumvi ya matangi, takribani gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji, akaweka hita, pampu na kichujio, akawa na kipande cha bahari chini ya Kibo. Ndani ya tanki hilo joto halibadiliki, hita inalishikilia kwenye nyuzi 25 au 26 iwe Januari au Julai. Samaki wote unawaona. Chakula kilichozama unakiona pia, unaweza kukivuta kwa mpira. Na karibu kila wanachokula kimetoka mkononi mwako. Katika mazingira hayo, kusimama dakika tano ukiangalia ni ushauri mzuri kabisa. Macho yako ndiyo kipimo, na kipimo kinafanya kazi.

Lakini hata humo ndani, ukiingia kwa undani kidogo, namba inaanza kuyumba. Mfikirie tasi, ambaye wengine humwita tafi. Huyu ni mla mwani, mchana kutwa anadonoa kidogo kidogo kama mbuzi kwenye ua. Milo miwili mikubwa haimfai hata kidogo, utumbo wake umeumbwa kwa kula kusikoisha. Mlinganishe na chewa. Chewa anajificha, anavizia, anameza mnyama mzima, kisha anatulia. Akishakuwa mkubwa anaweza kupitisha siku nzima bila chochote na wala asijali. Halafu kuna pono. Watu wa pwani wanamjua kwa usingizi, tunasema mtu amelala usingizi wa pono, na ni kweli samaki huyu usiku hulala hasa. Kisichojulikana sana ni kwamba pono hana tumbo lile la kuhifadhi chakula kama letu. Chakula kinapita kutoka kooni kwenda moja kwa moja kwenye utumbo. Mlo mkubwa wa jioni kwa mnyama asiye na ghala, tena anayekaribia kulala, unaenda wapi? (Pono hafai kuwekwa kwenye tanki la sebuleni, anakuwa mkubwa na kazi yake ni kukwangua matumbawe. Namtaja kwa sababu ya utumbo wake tu.)

Kwa hiyo tumbo ndilo linaloamua idadi ya milo. Anayechunga kutwa anataka kidogo mara nyingi, anayevizia anataka kingi mara chache. Kanuni yetu imewaweka wote kwenye meza moja na kupiga kengele mara mbili.

Tanki linafundisha jambo la pili, nalo ni la hesabu. Protini ina nitrojeni, kama asilimia 16 ya uzito wake. Samaki akila, sehemu ndogo ya nitrojeni hiyo inageuka nyama na iliyobaki inarudi majini, nyingi ikiwa amonia inayotokea kwenye matamvua. Tuseme unatia gramu 2 tu za chakula chenye protini asilimia 40 kwenye tanki la lita 200. Hapo kuna nitrojeni gramu 0.128. Theluthi mbili ikirudi majini, kila lita inapata karibu miligramu 0.43 kwa siku moja. Sasa rudi kwenye lile bwawa la samaki 200, tuseme lina ukubwa wa mita za mraba 150 na kina cha mita moja, yaani lita 150,000. Gramu 600 za chakula chenye protini asilimia 30 zina nitrojeni kama gramu 29. Theluthi mbili ikirudi majini, kila lita inapata miligramu 0.13 hivi. Mwenye tanki, kwa kijiko kile kidogo, anachafua kila lita ya maji yake mara tatu zaidi ya mwenye bwawa anayemwaga kopo zima.

Tena maji ya bahari yana pH ya 8 na ushee, na amonia huwa sumu zaidi pH inapopanda. Kutoka pH 7 kwenda 8, ile sehemu yenye sumu kali inaongezeka karibu mara kumi. Na Moshi iko juu, mita 800 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya chumvi yanashika oksijeni kidogo kuliko maji baridi ya kunywa. Ukiunganisha chumvi na mwinuko, tanki la bahari la Moshi lenye nyuzi 25 haliwezi kushika zaidi ya miligramu 6 na kitu za oksijeni kwa lita. Maji yasiyo na chumvi pale Tanga, kwa joto hilohilo, yanashika zaidi ya 8. Robo nzima imeondoka kabla samaki hajavuta pumzi. Ndiyo maana woga wa kulisha kupita kiasi, ambao ndio roho ya ile kanuni ya dakika tano, ni woga wa mtu wa tanki. Kwake una maana. Anayelisha kingi sebuleni anaweza kuamka kesho na kukuta maiti.

Sasa tutoke sebuleni, tupande.

Bwawa la kihamba ni kitu kingine kabisa. Liko kati ya migomba na kahawa, pengine hatua ishirini kutoka zizini. Maji yanaingia kutoka mfongo, ule mfereji ambao Wachagga wamekuwa wakiuchimba na kuugawana kwa zamu tangu enzi za mababu, ukileta maji ya vijito vinavyotoka msituni juu. Maji hayo ni mazuri kwa kila kitu isipokuwa kitu kimoja: ni ya baridi.

Kila ukipanda mita 100, hewa inapoteza joto la zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kutoka Moshi mjini hadi kijiji kilicho kwenye mita 1,500 umeshapoteza nyuzi 4 hivi. Na maji ya mfongo hayakuzaliwa pale kijijini, yametoka juu zaidi, kwenye kivuli cha msitu. Ukiongeza miezi ya sita, saba na nane, pale wingu linapoulalia mlima kutwa nzima na watu wanavaa sweta mpaka saa sita mchana, unapata maji ambayo sato anayavumilia tu.

Sato ni samaki wa joto. Lishe yake inachangamka maji yakiwa nyuzi 26 kwenda juu, na haanzi kuzaa vizuri mpaka maji yafike 24. Yakishuka chini ya 20 hamu yake inaporomoka. Yakikaribia 16 karibu anaacha kula, na kwenye 11 au 12 anakufa. Samaki hana joto lake mwenyewe, mwili wake unafuata maji. Kwa kukadiria, joto likishuka nyuzi 10, kazi za mwili zinapungua hadi nusu hivi, kumeng'enya chakula kukiwemo. Mlo ambao sato wa Kahe ameshaumaliza tumboni kufikia mchana, mwenzake wa Uru bado anao mpaka jioni. Na jioni hiyo ndipo kopo la pili linamwagwa, kwa sababu karatasi imesema asubuhi na jioni.

Hapa ndipo ninapoilaumu kanuni kwa ukali. Mabogini na Kibosho juu ziko kwenye mkoa mmoja, katikati pana mwendo wa daladala tu, lakini kwa sato ni nchi mbili. Karatasi ni ileile. Historia nayo inasaidia kueleza. Majaribio ya kufuga perege nchini mwetu yalianza 1949 Korogwe, mkoani Tanga, na Malya, mkoani Mwanza. Anayeijua Korogwe anajua kwamba huko hakuna mtu anayeota moto mwezi wa saba. Elimu ya samaki huyu imekuwa ya nchi ya joto tangu mwanzo, na ikaletwa mlimani bila kuvalishwa koti.

Kuna lawama nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko ya baridi. Kanuni inamwona sato kama kuku wa banda: mdomo unaosubiri mkono. Lakini sato ni mchungaji. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umekunjwa kunjwa, na tumbo lake dogo lina asidi kali ya kuvunja seli za mwani. Kutwa nzima anachuja na kukwangua: mwani mdogo usioonekana kwa macho, utando wa bakteria kwenye majani yaliyooza, vidudu vya tope. Bwawa likiwa la kijani, nusu ya kazi ya kulisha inafanywa na jua, na jua halitozi.

Jua nalo linahitaji mbolea. Kihamba kina ng'ombe wa kufungiwa, na samadi yake ikitiwa bwawani kwa kiasi inalisha mwani, mwani unalisha samaki, na tope la chini mwisho wa msimu linarudi kwenye migomba. Wazee waliounda kihamba hawakuwa na sato, lakini mfumo wao ulishaacha nafasi yake.

Sasa angalia mabwawa mengi ya mlimani. Mfongo unaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine, mchana na usiku. Maji yanang'aa, unaona mpaka chini, na mwenyewe anajivunia: maji yangu ni masafi. Neno hilo "safi" limetuponza. Kwa maji ya kunywa ni sifa. Kwa bwawa la sato, maji yanayong'aa ni sahani tupu. Yanayoingia yanaleta baridi, yanayotoka yanabeba mwani na mbolea kwenda kwa jirani. Mtu huyu atalazimika kulisha mara mbili, mara tatu, na samaki wake bado watadumaa, na atakayelaumiwa ni muuza vifaranga. Sijaona kanuni ya dakika tano ikimwambia aanze kwa kufunga mfereji, abakize maji ya kufidia yanayovuja na kukauka tu.

Kupima ukijani hakuhitaji maabara. Tuseme bibi mmoja wa Uru anamuuliza mtaalamu kijana, "Mwanangu, hawa samaki niwape mara ngapi?" Jibu zuri lisingeanza na namba. Lingeanza na "Bibi, naomba kwanza tuingize mkono majini." Unakunja shati, unazamisha mkono wima, kiganja kimekunjwa kuangalia juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, bwawa limeiva. Ukikiona bado hata maji yakiwa yamepita kiwiko, mwani ni mchache, ongeza samadi. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, umezidisha: simamisha mbolea, na punguza chakula vilevile, kwa sababu ya jambo la oksijeni ninalokuja nalo.

Kwamba bwawa la kijani linabadilisha hesabu ya milo si hisia zangu tu. Watafiti waliofanya kazi na wafugaji wa Ufilipino, katika kisiwa cha Luzon, walilinganisha kulisha sato kila siku na kulisha siku moja ukiruka moja. Matokeo yao yalichapishwa 2006. Waliolisha siku moja kwa kuruka walitumia takribani nusu ya chakula, na mavuno yao hayakuwa pungufu kwa kiwango cha maana. Nusu ya chakula! Kwa lile bwawa letu la kilo 18 kwa mwezi, ni kilo 9 zinazobaki dukani.

Ila nikiihakiki karatasi ya semina lazima niuhakiki na utafiti ninaoupenda. Luzon ile ni tambarare ya joto, na mabwawa yale yalikuwa yametiwa mbolea. Bwawa linalong'aa la Marangu, lenye maji ya mfongo yanayopita kutwa, si bwawa lile. Mtu akisoma matokeo hayo akaanza kuruka siku bila kugusa ukijani, atakuwa amewanyima samaki chakula tu na kukiita sayansi. Kinachobebeka kutoka Luzon ni swali: je, bwawa lako linazalisha kiasi gani lenyewe? Namba yao ibaki kwao mpaka ijaribiwe hapa, kwenye mabwawa mawili jirani yanayotumia mfongo mmoja. Hiyo ni kazi ambayo hata wanafunzi wa sekondari wanaweza kuifanya kwa muhula mmoja, kwa mizani na daftari.

Nirudi kwenye maneno ya kanuni yenyewe, maana nayo yana mambo. "Asubuhi." Kwa Kiswahili asubuhi inaanza jogoo akiwika na inaisha ukitaka. Mwenye bwawa mlimani ana kazi za asubuhi: kukata majani ya ng'ombe, kukamua, kuwahi soko. Kwa hiyo samaki wanalishwa saa kumi na mbili au saa moja, akipita. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Usiku mwani hautengenezi oksijeni, unaivuta kama viumbe wengine wote bwawani, na alfajiri ndipo oksijeni inakuwa imefika chini kabisa. Bwawa likiwa la kijani kupita kiasi, hapo ndipo utakuta samaki wako juu wakihema kwa midomo. Na samaki akishakula, mahitaji yake ya oksijeni yanapanda kwa saa kadhaa, kama wewe ukishiba mtori unavyotaka kukaa kivulini. Unampa mzigo wakati mfuko wake wa hewa uko mtupu. Ongeza baridi ya alfajiri, na chakula kinashuka chini bila kuguswa.

Saa nne asubuhi, jua likiwa limepiga maji kidogo, ni habari nyingine. Saa tisa au saa kumi alasiri, maji yakiwa na joto la juu kuliko wakati wowote wa siku, ni bora zaidi. Ningelazimishwa kuchagua mlo mmoja tu kwa sato wa mlimani, ningechagua huo wa saa tisa na kuufuta ule wa alfajiri moja kwa moja. "Jioni" nayo isisomwe kuwa magharibi. Chakula cha saa kumi na mbili na nusu kinaingia usiku pamoja na samaki.

Neno la pili ni "chakula". Chakula kinachoelea, cha punje, unaweza kukihesabia dakika tano. Wengi hawalishi hicho. Wanalisha pumba. Na pumba ni neno la hatari, maana linabeba vitu vya aina nyingi. Pumba za mahindi za mashine ya sembe zina protini kama asilimia 10. Mpunga wa Mabogini na Chekereni, kule kwenye skimu ya Lower Moshi, unatoa pumba laini zenye mafuta, ambazo ni chakula ingawa zinachacha haraka, na unatoa pia maganda magumu, ambayo mitaani nayo yanaitwa pumba na hayamfai samaki yeyote. Mtu akiambiwa "tia pumba mara mbili kwa siku" amefundishwa nini? Tena pumba za unga zikimwagwa zinatawanyika, nyingine zinazama, huwezi kuona zimeisha lini. Saa ya mkononi haina kazi. Ukweli ni kwamba pumba nyingi zinalisha bwawa kuliko samaki: zinaoza, zinakuwa mbolea, mwani unaota. Si hasara yote. Lakini idadi ya milo ya mbolea haitegemei tumbo la samaki, inategemea kile kiganja na kiwiko.

Na "dakika tano" zinadhani samaki wote wanakula kwa kasi moja. Sato kwenye nyuzi 28 anagombania. Kwenye nyuzi 20 anakuja taratibu, kama mtu aliyeamshwa kupokea simu. Ukimpa dakika tano utasema hana njaa, na pengine ni kweli. Au utaona wakubwa kumi wamepanda juu ukadhani ndio bwawa zima, kumbe vifaranga waliozaliwa humo humo bila wewe kujua wamejaa pembeni na ile asilimia 3 yako imeshakuwa ya idadi ya samaki usioijua.

Niitendee haki sehemu moja. Dakika tano zinamlazimisha mtu asimame. Anayesimama ataona samaki wanaohema, ataona maji yamebadilika rangi, atamwona ndege anayekuja kila alasiri kujipakulia. Anayemwaga kopo akikimbilia daladala haoni kitu. Kwa sababu hiyo nisingeifuta sentensi, ningeirefusha. Ningeanza na kipimajoto, kile cha kawaida, kilichofungwa kamba na kuzamishwa nusu mita. Maji yakiwa juu ya 25, lisha mara mbili, saa nne na saa tisa. Yakiwa kati ya 20 na 25, mara moja, alasiri. Yakiwa chini ya 20, kidogo kwa kuruka siku, au acha kabisa mpaka wingu liinuke. Bwawa likiwa kijani cha kiwikoni, punguza. Vifaranga wadogo wao wapewe kidogo mara tatu au nne, kwa kuwa tumbo lao ni dogo na mwili unakimbia. Ni sentensi ndefu, haitatosha nyuma ya mfuko, najua.

Kambale ana sentensi yake. Ana tumbo halisi, anakula nyama, anapenda giza, na anaweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji, kwa hiyo alfajiri haimtishi kama inavyomtisha sato. Yeye ndiye anayestahili ule mlo wa magharibi. Anayefuga wote wawili bwawa moja, kama wafanyavyo wengine ili kambale apunguze vifaranga wa sato, analisha wanyama wawili wenye saa mbili tofauti.

Na kama kipimajoto chako mwaka mzima hakivuki 20, hakuna idadi ya milo itakayokusaidia, sato si wa kwako. Wakoloni waliliona hilo mapema kuhusu vijito vya juu. Mwaka 1927 walileta trauti kutoka Scotland wakawatia kwenye mito ya Kilimanjaro na Arusha kwa ajili ya kuvulia ndoano. Trauti anayaona maji ya mfongo kuwa ya kawaida. Anataka protini nyingi na oksijeni nyingi, gharama yake ni kubwa, lakini tumbo lake linafanya kazi pale la sato linapolala. Swali la mara ngapi kwake linageuka kichwa chini: yeye hamu inampotea maji yanapopita 20, kwa hiyo mwezi wa kumnyima chakula ni ule wa jua kali, Januari au Februari, wakati jirani yako wa Mabogini anamwaga kopo la pili.